Bei ya Kusikiliza na Bei ya Kumiliki: Hotuba Kuhusu Kazi ya Nipsey Hussle

Waheshimiwa wageni waalikwa, wazee wetu mliokubali kuja kusikiliza habari za muziki ambao pengine hamuusikilizi majumbani mwenu, ndugu zangu watayarishaji, na nyinyi vijana mliokaa huku mbele na madaftari yenu ya mashairi, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumze juu ya msanii mmoja wa hip hop wa Marekani aliyejitegemea, na nikaachiwa uhuru wa kumchagua. Nimemchagua Nipsey Hussle wa Los Angeles, kwa sababu kazi yake yote imezunguka swali moja ambalo kila mmoja wenu atakutana nalo siku atakayowekewa mkataba mezani: wimbo ukishatoka, ni mali ya nani?

Tarehe 8 Oktoba 2013 Nipsey alitoa kandamseto, yaani mkusanyo wa nyimbo unaotolewa nje ya utaratibu wa albamu rasmi, aliyoiita Crenshaw, jina la mtaa wake. Siku hiyo mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuipakua yote bila kulipa senti moja. Sambamba na hilo alitoa nakala 1,000 za CD, na kila nakala akaipangia bei ya dola 100. Nyimbo zilikuwa zilezile. Aliyelipa na asiyelipa walisikia sauti moja, biti moja na mistari ileile. Nakala zote zilimalizika kabla ya saa 24 kupita, na rapa mwenzake maarufu, Jay-Z, peke yake alichukua nakala 100, yaani alitoa dola 10,000 kwa nyimbo ambazo angeweza kuzipakua bure akiwa amekaa sebuleni kwake. Nakala 1,000 kwa dola 100 ni dola 100,000, na mgawaji wa fedha hizo alikuwa Nipsey mwenyewe na watu wake.

Wengi walicheka bei hiyo ilipotangazwa. Wakati ule CD zilikuwa zikizikwa, maduka ya muziki yalikuwa yakifungwa mji baada ya mji, na kila kampuni ilikuwa ikihangaika kumlazimisha msikilizaji alipe kitu ambacho tayari alikuwa anakipata bure. Nipsey aliyachukulia mambo kwa namna nyingine kabisa. Wazo, kama alivyoeleza mwenyewe, alilipata katika kitabu kimoja cha biashara kilichosimulia habari za mgahawa wa Philadelphia uliouza mkate wa nyama na jibini kwa dola 100, na watu wakawa wanaufuata na kuusimulia. Aliona kwamba kitu usichoweza kukilinda ni afadhali ukitoe kwa ukarimu, kikutangulie na kukutambulisha, na kwamba kilicho kichache unaweza kukipangia bei inayolingana na jasho lako. Kampeni hiyo aliipa jina lenye maana ya kulipa kwa fahari, na mnunuzi alijua tangu mwanzo kwamba analipa kwa sababu ameamua kumuunga mkono mtu fulani. Kusikiliza kulikuwa na bei yake, ambayo ni sifuri, na kumiliki kulikuwa na bei yake. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la maana kuliko yote aliyoyafanya, na nitalirudia mara kadhaa jioni hii.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ermias Asghedom, na Ermias ni Yeremia kwa matamshi ya Wahabeshi. Alizaliwa Los Angeles tarehe 15 Agosti 1985, kwa mama Mmarekani mweusi na baba aliyehamia huko kutoka Eritrea. Jina la kisanii lilitokana na jina la mchekeshaji wa zamani, Nipsey Russell, likaongezewa neno lenye maana ya kuhangaikia riziki. Alikulia kusini mwa jiji, shule aliiacha kabla ya kumaliza, akaingia katika genge la Rollin' 60s, ambalo ni tawi la Crips, mtandao mkubwa wa magenge ya Los Angeles. Sitalipamba jambo hilo wala sitalificha, kwa sababu yeye mwenyewe hakulipamba wala hakulificha. Liko katika mashairi yake tangu kanda ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na lugha kali na baadhi ya mistari kuhusu wanawake ambayo mimi nisingependa binti yangu aiimbe.

Mwaka 2004 baba yake alimchukua yeye na kaka yake wakaenda Eritrea, wakakaa kwa miezi mitatu. Kijana huyo alikuwa akifikisha miaka 19, na alikuwa hajawahi kuishi mahali ambapo askari, mwenye duka na mkuu wa nchi wote wanafanana naye. Baadaye alisema mara nyingi kwamba safari ile ilimbadilisha, na mimi namwamini kwa sababu naona mabadiliko hayo katika hesabu za maisha yake: mwaka uliofuata, Desemba 2005, akatoa kandamseto yake ya kwanza, Slauson Boy Volume 1.

Slauson ni barabara, na mahali inapokutana na barabara ya Crenshaw pana jengo la maduka lisilo na ghorofa, la kawaida tu, lenye uwanja wa kuegesha magari mbele yake. Naomba mliweke jengo hilo kichwani, maana habari hii itaanzia hapo na itaishia hapo. Katika uwanja huo Nipsey na kaka yake waliuza CD, fulana na soksi kutoka kwenye buti la gari, na polisi waliwafukuza, nao wakarudi, wakafukuzwa tena, wakarudi tena. Hapakuwa na lebo, yaani kampuni ya kurekodi muziki, wala meneja, wala wimbo redioni. Aliyenunua CD alikuwa mtu aliyepita kwa miguu kwenda dukani, akamwona msanii kwa macho, akamtathmini, akatoa fedha mfukoni.

Kati ya 2008 na 2009 alitoa mfululizo wa kandamseto uitwao Bullets Ain't Got No Name, na hizo ndizo zilizomtoa mtaani kwake. Ukizisikiliza leo unasikia kijana mwenye sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo, asiye na haraka, anayeburuza silabi nyuma ya ngoma kwa mtindo wa pwani ya magharibi ya Marekani, na si ajabu kwamba wengi walimfananisha na Snoop Dogg. Wakati huo alikuwa na mkataba na kampuni kubwa ya Epic. Mwaka 2010 jarida la XXL lilimweka kwenye jalada lake la wasanii wapya wa kuangaliwa, na mwaka huohuo yeye na Epic wakaachana bila albamu hata moja kutoka.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuushika mkataba wa namna hiyo mikononi, nieleze kwa kifupi. Kampuni inakupa fedha za kuanzia. Fedha hizo si zawadi; ni mkopo unaolipwa kwa fungu lako la mauzo, na kwa kawaida gharama za studio, za video na za matangazo nazo huingizwa humohumo kwenye deni. Mpaka deni liishe, huoni mirabaha. Hata likiisha, masta, yaani ile rekodi halisi ambayo nakala zote huzaliwa kwayo, hubaki mali ya kampuni. Ni kama mtu akukopeshe fedha za kujenga nyumba, umlipe mpaka senti ya mwisho, kisha hati ya nyumba ibaki kwa jina lake nawe uendelee kupokea sehemu ndogo ya kodi.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana tulirekodi nyimbo nane tukiwa kundi la watu wanne. Msambazaji mmoja, ambaye sitamtaja, alitupa bahasha ya kaki yenye fedha taslimu na karatasi moja ya kusaini, nasi tulisaini tukiwa tumesimama, karatasi ikiwa juu ya boneti la gari lake, kwa sababu tulikuwa na njaa na tulikuwa na furaha. Miaka miwili baadaye nilikuwa ndani ya basi, dereva akaweka wimbo wetu, abiria wakaimba kiitikio neno kwa neno, nami nilikuwa nahesabu sarafu za nauli kiganjani. Nilipomwendea yule bwana kuulizia, alinionyesha karatasi ileile, na sahihi yangu ilikuwa pale, imepinda kidogo kwa sababu ya mteremko wa boneti. Naileta habari hii hapa ili mjue kwa nini mtu wa umri wangu aliyafuatilia kwa makini maamuzi ya kijana wa Los Angeles.

Alipotoka Epic, Nipsey hakutafuta kampuni nyingine. Aliisimamisha lebo yake, All Money In, na tarehe 21 Desemba 2010 akatoa The Marathon. Mwaka uliofuata ikaja The Marathon Continues. Mbio za marathoni ndizo alizozichagua ziwe mfano wa maisha yake, na alikuwa mkweli katika mfano huo, kwa sababu mkimbiaji wa mbio ndefu hapigiwi makofi katika kilomita ya 20. Miaka ile hakuwa na wimbo wa kuchezwa kila saa redioni, na wapo wenzake wa jalada lile la XXL waliompita mbali kwa umaarufu. Katika The Marathon kuna wimbo uitwao Blue Laces, yaani kamba za viatu za buluu, rangi ya Crips, nao ndio wimbo ambao nadhani alijikuta ndani yake kama mwandishi: ule uburutaji wa silabi upo, lakini sasa msimulizi anaangalia maisha ya mtaani na kuyapima, mahali ambapo zamani aliyatangaza tu.

Ni haki niseme kwamba njia hii hakuigundua yeye. California ina wazee wa biashara hiyo. Too $hort wa Oakland aliuza kanda zake mkono kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 1980. E-40 wa Vallejo aliijenga lebo ya Sick Wid It pamoja na ndugu zake wa damu. Na Master P alianza na duka la muziki Richmond, kisha akaingia makubaliano ya usambazaji na kampuni ya Priority huku masta zikibaki zake. Nipsey alikuwa mwanafunzi wa wazee hao. Alichoongeza ni kwamba alifanya kazi katika zama ambazo kanda yenyewe ilikuwa imekoma kuwa bidhaa, hivyo ilimbidi aulize upya ni kitu gani hasa msanii anauza. Crenshaw lilikuwa jibu lake la kwanza. Kama mkusanyo wa nyimbo, naiona kuwa ndefu kuliko ilivyohitaji, na katikati inalegea. Lakini ina Face the World, iliyotengenezwa na mtayarishaji 9th Wonder, ambamo sauti yake inakaa juu ya biti laini kama mtu anayezungumza na mdogo wake barazani jioni.

Jibu la pili lilikuja siku ya mwisho ya 2014. Kandamseto ile ilipewa jina la Mailbox Money, yaani fedha zinazokufuata kwenye sanduku la barua. Huko Marekani wasanii hulitumia neno hilo kwa hundi ya mirabaha, ambayo hufika kwa posta hata ukiwa umelala, hata ukiwa mgonjwa, kwa sababu kazi uliyoifanya zamani bado ni yako na bado inafanya kazi. Safari hii alitoa nakala 100 tu, kila moja kwa dola 1,000, na nyimbo zikawekwa tena bure kwa umma. Mtu anaweza kusema dola 1,000 kwa CD ni kiburi. Mimi nasema kwamba bei hiyo ilikuwa sehemu ya shairi, kwa kuwa alikuwa akieleza ndani ya nyimbo thamani ya kumiliki, na nje ya nyimbo akiuonyesha ulimwengu lebo ya bei.

Mwaka 2016 ikaja Slauson Boy 2, ambayo nitaipita haraka, na tarehe 16 Februari 2018 ndipo ilipotoka Victory Lap, mzunguko wa ushindi, albamu aliyokuwa ameitangaza miaka mingi nyuma na kuiahirisha mara kwa mara. Fikirieni: zaidi ya miaka 12 tangu kanda ya kwanza, na hiyo ndiyo albamu yake ya kwanza rasmi ya studio. Na hapa wapo wanaokosea wanapomsimulia, wakidhani kujitegemea kwake kulikuwa ni kuzichukia kampuni. Victory Lap ilitoka kwa ushirikiano wa All Money In na Atlantic, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa. Tofauti ni kwamba mwaka 2018 alikwenda mezani akiwa na lebo yake, wasikilizaji wake, duka lake na rekodi zake za miaka minane, kwa hiyo alikuwa mshirika aliyekuja kununua huduma ya usambazaji. Kijana aliyeingia Epic alikuwa na kipaji tu, na kipaji peke yake mezani hakina bei ya kujadili.

Albamu ilianza katika nafasi ya nne kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Ina nyimbo 16, na yumo Kendrick Lamar katika Dedication, na yumo YG, mtoto mwingine wa Los Angeles. Lakini naomba mkae na Blue Laces 2, kwa sababu ni mwendelezo wa ule wimbo wa 2010. Katika ubeti wa kwanza anajitambulisha kuwa kizazi cha tatu cha watu wa magenge wa kusini mwa jiji, na kwamba wao wameishi muda wa kutosha kuona mambo yakibadilika. Lisikilizeni neno hilo, kuishi muda wa kutosha. Mtu wa miaka 32 anajihesabu kuwa mzee, kwa sababu katika mazingira yake kufika umri huo kulikuwa ni kupewa nyongeza. Sauti imetulia, pumzi ni ndefu, na ile haraka ndogo ya ujana iliyokuwa imejificha chini ya mikwaruzo haipo tena. Albamu hiyo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rapu, tuzo iliyokwenda kwa Cardi B mwaka 2019.

Nirudi kwenye jengo la maduka. Mwaka 2017 alifungua hapo duka la nguo, Marathon Clothing, mahali palepale alipokuwa akifukuzwa na polisi. Ukiielekezea simu nguo iliyotundikwa, ilikufungulia muziki na video. Mwaka 2018 yeye na mshirika wake, David Gross, wakafungua Vector 90, kituo chenye ofisi za pamoja kwa wajasiriamali wa mtaa na masomo ya sayansi na teknolojia kwa vijana. Aprili mwaka huo alirudi Eritrea, nchi ya baba yake, akiwa mtu mzima mwenye jina. Na mwanzoni mwa 2019 yeye na Gross wakalinunua jengo lote, pamoja na uwanja wake wa magari. Aliyeuza CD uwanjani akawa mwenye uwanja.

Februari 2019 alitoa Racks in the Middle, pamoja na Roddy Ricch na Hit-Boy, wimbo ambao ndani yake anamlilia rafiki aliyeuawa na kusikitika kwamba mafanikio yamekuja rafiki huyo hayupo kuyaona. Jumapili ya tarehe 31 Machi 2019, akiwa amesimama katika uwanja ule, mbele ya duka lake, alipigwa risasi na mtu wa mtaa wake waliyefahamiana. Alikuwa na miaka 33. Siku iliyofuata alikuwa amepangiwa kukutana na wakuu wa polisi wa Los Angeles kuzungumzia njia za kupunguza mauaji ya magenge. Tarehe 11 Aprili watu walijaa ukumbi wa Staples Center kumuaga, ikasomwa barua ya Barack Obama iliyomsifu kwa kuwekeza mahali ambapo wengine waliona magenge na kukata tamaa tu, kisha jeneza likazungushwa maili 25 katika mitaa ya kusini, likapita mbele ya lile jengo.

Baada ya hapo Victory Lap ilipanda hadi nafasi ya pili kwenye chati. Januari 2020 alipata Grammy mbili, moja kwa Racks in the Middle na nyingine kwa Higher, aliyoimba na DJ Khaled na John Legend. Makutano ya Crenshaw na Slauson yamepewa jina lake, na nyota yake iliwekwa Hollywood tarehe 15 Agosti 2022, siku ambayo angetimiza miaka 37. Hundi za sanduku la barua zinaendelea kutoka, na zinakwenda kwa watoto wake.

Sasa namwomba fundi wetu wa mitambo atuwekee nyimbo mbili bila kukata katikati: kwanza Blue Laces ya 2010, na ikimalizika tu, Blue Laces 2 ya 2018. Kati yake kuna miaka minane. Wazee wangu, mkiona lugha imekuwa kali, nivumilieni. Vijana, fungueni madaftari na msikilize anavyovuta pumzi.